Msikiti wa zamani wa Mértola: anzia nyuma ya madhabahu

Salaam ndugu. Umeuliza: ukiwa na siku moja tu Mértola, kusini mwa Ureno, utautambuaje msikiti uliogeuzwa kanisa? Ni lile kanisa jeupe chini ya ngome. Kwanza nenda moja kwa moja nyuma ya madhabahu: mihrabu, yaani kishubaka kinachoonyesha upande wa kibla, ingalipo ukutani, na nakshi zake za plasta. Mara ya kwanza niliipita bila kuiona, ikabidi nirudi. Kisha tazama milango yenye tao la umbo la ukwato wa farasi. Wakristo waliuteka mji mwaka 1238, lakini jengo wakalibakiza, na hilo ndilo lililonigusa mno. Ukitoka, teremka hadi Mto Guadiana. Vyombo vya biashara vilipanda kutoka baharini mpaka hapo. Na karakana ya mablanketi ya sufu usiikose.