Chumvi haina kalori, lakini ndiyo iliyonikwamisha

Juzi usiku baada ya isha msomaji mmoja wa Mombasa aliniandikia hivi: "Dada, hii wiki ya 3 nakula kalori 1,200 kwa siku. Mizani imeganda kwenye 91, na leo asubuhi imepanda kilo moja na nusu. Nimelia. Nakosea wapi?" Nikamuuliza jana usiku alikula nini. Akajibu, kwa fahari kabisa: supu ya mboga iliyokolezwa kwa vidonge vya supu, isiyo na tone la mafuta, na kipande cha ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Huyu dada ni mimi wa mwaka juzi, kwa hivyo nimeona niandike yote, maana najua wengi mnaonisoma mnakitafuta kile kile nilichokuwa nakitafuta.

Mimi nilikuwa na kilo 94. Kwenye harusi ya mtoto wa wifi yangu, wakati wa picha, wifi mwenyewe aliniambia mbele ya watu nisimame nyuma nisije nikawafunika maharusi. Watu wakacheka. Sijasahau, na sioni sababu ya kujifanya nimesahau. Usiku ule nilirudi Malindi nimenyamaza gari zima, na kesho yake nikaweka programu ya kuhesabu kalori kwenye simu.

Nilitoa tui, nikatoa mafuta, mahamri na sukari. Mnajua chakula chetu kikiondolewa nazi kinabaki nini: chapwa. Basi nikatafuta ladha mahali ambapo programu haikunikataza. Vidonge vya supu, viwili mchana na viwili usiku. Achari ya ndimu kwa kila sahani. Saa kumi jioni embe bichi na tango, nimezinyunyizia chumvi na pilipili. Papa mkavu mara tatu kwa wiki, kwa sababu ana protini nyingi na kalori chache. Na chumvi yenyewe kila nikiiandika kwenye simu ilisoma sifuri. Nilihisi nimepata kitu cha bure.

Wiki 2 za kwanza zilitoka kilo 4. Nilitangaza kwa kila mtu. Kisha ikasimama. Wiki baada ya wiki nilikuwa naona 90, 90.6, 89.8, 91. Nikashusha kalori hadi 900, nikawa mkali kwa watoto, usingizi ukapotea.

Mwili ulikuwa unasema, mimi sikuusikiliza. Pete ya ndoa ilikuwa haitoki bila sabuni. Jioni nikirudi dukani, ninakokaa kwenye kiti cha hesabu kutwa, kanda za ndara zilikuwa zimeacha mifereji miwili juu ya nyayo. Siku moja nilibonyeza kidole gumba kwenye muundi, nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Kilibaki kishimo, kama ukibonyeza unga uliokandwa. Nilikitazama kikijaa polepole na nikaogopa.

Nilikwenda zahanati kwa ajili ya kichwa kilichokuwa hakiachi kuuma. Presha ilikuwa 148 kwa 94. Muuguzi aliyenipima, mama mtu mzima, aliniuliza nakula nini, nikamsomea orodha yangu nikitegemea sifa. Akanionyesha dripu iliyokuwa imetundikwa kitanda cha jirani.

"Mwanangu, ile ni dripu ya chumvi. Lita moja ya maji, gramu 9 za chumvi. Imepimwa hivyo ilingane na mwili. Sasa wewe ukitia gramu 9 za ziada, mwili utadai lita nzima ya maji ya kwenda nayo, na utaishika mpaka figo zimalize kuitoa."

Lita moja ya maji ni kilo moja. Nilipofika nyumbani nilikaa na karatasi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, unapoteza karibu nusu kilo kwa wiki. Maana yake chakula kimoja cha usiku chenye chumvi ya kupita kiasi kinaweza kuficha jasho la wiki 2! Mafuta yalikuwa yanatoka, nami nilikuwa nalia juu ya maji. Kweli, achari nayo ilikuwa na mafuta ambayo sikuyahesabu, siwezi kuitupia chumvi lawama zote. Lakini sehemu kubwa ilikuwa chumvi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 za sodiamu, madini yaliyo ndani ya chumvi, kwa siku. Hiyo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, tena ni jumla ya yote: iliyo kwenye mkate, kwenye soseji, kwenye tambi za haraka, na unayotia mwenyewe. Pakiti nyingi huandika sodiamu badala ya chumvi, kwa hivyo zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Vidonge vyangu vilikuwa vya gramu 4, karibu nusu yake ni chumvi. Vinne kwa siku ni kama gramu 8. Hapo papa hajaingia, wala achari.

Mamangu ni wa pande za Gongoni, ambako maji ya bahari hufungiwa kwenye mabwawa, jua likayakausha, na chumvi ikarundikwa vilima vyeupe unavyoviona ukiwa barabarani. Kwetu chumvi haikupimwa kamwe, ilichotwa kwa mkono. Nimekua nikidhani haina gharama yoyote.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili, kwa sababu hili lingeniua. Nilikata chumvi yote. Yote kabisa. Nikawa nakunywa maji lita 5 kwa siku ili "kujisafisha", na kila siku saa nne asubuhi natembea ufuoni kutoka nguzo ya Vasco da Gama kuelekea Silversands. Ulikuwa mwezi wa Machi, masika hayajaingia, joto mnalijua. Mizani ilishuka kilo 3 na mimi nikajiona shujaa. Siku ya 9 misuli ya miguu ilinikaza, kichwa kikawa chepesi, na nilichokumbuka baadaye ni mchanga mdomoni na vijana wa ufuoni wamenishikia kanga kunikinga jua.

Damu yangu ilikuwa na sodiamu 127. Kawaida ni kati ya 135 na 145. Daktari alinieleza kwamba chumvi ilitoka na jasho, na maji yote yale yakaizimua iliyobaki. Akaniambia pia mtu akikata wanga ghafla insulini, homoni inayosimamia sukari mwilini, hushuka, na figo hutoa maji na sodiamu zaidi. Ndiyo maana zile kilo 4 za mwanzo zilitoka upesi vile. Zile nilizotangaza. Nyingi zilikuwa maji.

Basi dada, wewe na wengine, fanyeni kama ninavyofanya. Nina kikopo kidogo. Asubuhi natia chumvi yangu ya siku, pungufu ya kijiko cha chai. Chungu cha nyumbani kinapikwa na chumvi kidogo sana, kila mtu anajiongezea mezani, na mimi najiongezea kutoka kikopo changu tu. Nikila mkate au kitu cha pakiti, naipunguza mapema. Vidonge vya supu sivinunui tena.

Papa sijamwacha, siwezi. Namroweka usiku kucha, nabadilisha maji mara tatu, kisha namchemsha na kumwaga yale maji. Mara ya kwanza niliyaonja maji ya kwanza kwa ncha ya ulimi, yalikuwa bahari tupu. Ndiyo niliyokuwa nakunywa kama mchuzi. Sasa ni kipande kidogo mara moja kwa wiki 2, na mchuzi wake hauguswi na chumvi nyingine.

Ladha itoke kwenye ndimu, ukwaju, embe bichi iliyochemshwa na samaki, thomu, tangawizi, kotmiri, bizari nzima iliyokaangwa kavu mpaka inukie. Na rudisheni tui! Vijiko 2 vya tui zito juu ya mchicha vina kalori, ndiyo, zihesabuni na mle. Kosa langu lote lilianzia pale nilipokifukuza kitu kinachonipa raha nikaweka chumvi mahali pake. Ulimi ulichukua kama wiki 3 kuzoea.

Pimeni chumvi kama mnavyopima kalori, na msiikate yote. Mwenye presha, mwenye figo, au anayemeza dawa ya kukojoza, aende kwa daktari kwanza. Na zile chumvi za potasiamu zinazouzwa kama badala, mwenye figo asiziguse bila kuuliza. Msipande mizani asubuhi ya baada ya pilau ya harusi. Mimi napima Jumatano, nikitoka chooni, kabla sijanywa kitu.

Huyu dada wa Mombasa nimemwambia abakie na kalori zile zile, atoe vidonge na ng'onda, na asipande mizani siku 5.

Mimi leo nina kilo 77, baada ya miezi 14. Presha ni 122 kwa 78. Pete inazunguka kidoleni. Kuna harusi nyingine upande wa wifi baada ya Ramadhani. Gauni nimeshalipeleka kwa fundi alibane kiunoni, na wakati wa picha nitasimama mbele.