Kwa nini vifo vya uzazi ni vingi zaidi vijijini

Ndugu uliyeuliza kama wajawazito wa vijijini hufa zaidi kwa sababu ya ujinga na kung'ang'ania wakunga wa jadi, nakujibu kwa niliyoyaona katika miaka tisa ya kuwa muuguzi mkunga wa zahanati.

Usiku mmoja wa masika alijifungua kwetu mama ambaye hakuwahi kukosa kliniki na aliyefika mapema, uchungu ulipoanza tu. Kondo lilitoka salama, lakini mfuko wa uzazi haukukaza na damu ikaendelea kumwagika. Sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ambayo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, ilikuwa imekaa siku kadhaa katika jokofu lililoishiwa gesi. Nilimchoma nikijua huenda imekwisha nguvu, nikawa namkanda tumbo huku mumewe akihangaikia bodaboda, kwa maana gari la wagonjwa lilikuwa safarini. Zahanati haiwekewi damu ya kuongezea. Damu ilikuwa hospitali ya wilaya, ng'ambo ya mto uliofurika. Alifariki kabla ya alfajiri. Je, huyo alikosa elimu gani?

Hata hao wanaojifungulia nyumbani, wengi niliwafahamu. Sera ya Tanzania inasema huduma za uzazi ni bure, lakini mimi mwenyewe, kwa uhaba wa vifaa, niliwaagiza waje na glovu, wembe, pamba na mpira wa kulalia. Asiye navyo huona haya kuja, nasi tukamwita mbishi. Hilo linaniuma hadi leo.

Mpango wa afya ya msingi ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yalisimama mengi, watumishi wakawa wachache; zamu za usiku nilizishika peke yangu.

Makadirio ya kitaifa yalikuwa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Mila hazikubadilika kiasi hicho kwa miaka michache. Kilichoongezeka ni vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji, na sasa kuna usafiri wa dharura wa m-mama, ambao kwa kupiga 115 bila malipo, dereva wa palepale kijijini humbeba mgonjwa akalipwa na mfumo. Kwa hiyo kabla ya kuwapima akina mama wa kijijini kwako, pima kwanza ni mwendo wa saa ngapi hadi ilipo damu, masika yakiwa yamekolea.