Muulize Fundi: Pawabenki ya safari, soma nyuma sio mbele

Likizo ikikaribia tu maswali yanageuka yote kuwa pawabenki, kwa hiyo safari hii nimeyakusanya nijibu kwa mpigo. Wale wa friji na inverta mnisubiri kidogo, sijawasahau.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua pawabenki imeandikwa 20,000mAh, na simu yangu betri yake ni 5,000. Kwa hesabu za darasa la nne hapo ni mara nne, ila hii ikijitahidi sana inajaza mara mbili na nusu halafu inazima. Ina maana nimepigwa? Naitumia kwenye basi la Mwanza–Dar. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Njema ndugu yangu, na hujapigwa, tena kama inafika mbili na nusu shika hiyo hiyo kuna watu wanaililia. Tatizo ni lile linamba la mbele. Ile 20,000 ni mAh, yani milliampea-saa, za seli za ndani zikiwa na volti zao 3.7, lakini simu inapokea kuanzia volti 5 kwenda juu, sasa ndani ya pawabenki kuna saketi inapandisha volti, na volti ikipanda milliampea zinapungua, halafu hapo hapo kuna umeme mwingine unapotea kuwa joto, ndo maana ukiishika inachaji unasikia vuguvugu. Na simu yenyewe nayo inapoteza kidogo ikipokea.

Geuza nyuma. Kuna maandishi madogo utayasoma kwa tochi, tafuta palipoandikwa "Rated Capacity", hapo mtengenezaji mwenyewe anakiri, utakuta kitu kama 12,000mAh kwenye 5V. Hiyo ndo unayonunua. Pembeni yake mara nyingi kuna Wh, yani wati-saa, na kama haipo unaipata mwenyewe kwa kuzidisha mAh mara 3.7 halafu gawa kwa 1,000. Yako inakuja 74Wh. Betri ya simu ya 5,000 ina kama 19Wh. Ukitoa kinachopotea njiani unaona mbili na nusu imetokea wapi, na bado sijahesabu kwamba unaichaji huku unaangalia muvi.

Kwa ufupi wa dukani ni hivi, namba ya mbele chukua asilimia 60 ndo uanze kupiga hesabu. Kwa basi la siku moja mtu mmoja, 10,000 inatosha kabisa na mfukoni haikuchoshi. 20,000 ni ya mama mwenye watoto wawili na tableti.

SWALI: Shikamoo fundi. Kariakoo kuna za 20,000 bei tofauti mno, nyingine robo ya nyingine na kwa macho zinafanana. Nitajuaje feki bila kuifungua? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo manake feki ndo zinaumiza watu.

Uzito kwanza. Seli zile za duara zilizozoeleka, moja ina gramu 45 hadi 50 na zile bora kabisa zinabeba kama 3,500mAh, kwa hiyo kufika 20,000 unahitaji sita na hapo ni karibu gramu 300 kabla ya kava na saketi. Za bapa zinapunguza uzito kidogo ila sio kwa miujiza. Ukiweka "20,000" kwenye mizani ya mangi anayopimia sukari ikasoma chini ya gramu 250, irudishe, haihitaji mjadala. Ila usijedanganyika upande wa pili, ikiwa nzito haimaanishi ni nzima, kuna walioifungua wakakuta seli moja na mfuko wa mchanga. Nyepesi ni uongo, nzito bado ni mtuhumiwa.

Kipimo cha pili ni cha bure. Imalize chaji mpaka izime, halafu ichomeke kwenye chaja ya kawaida ya wati 10 uangalie saa. 74Wh kupitia wati 10 haiwezi kuingia chini ya masaa saba, na kwa kawaida inaenda tisa mpaka kumi. Ikijaa ndani ya masaa mawili matatu na taa zote nne zinawaka basi ndani kuna 5,000 imevaa koti la 20,000. Kwa hiyo omba risiti na waranti hata ya wiki moja, ukipima usiku asubuhi unarudi nayo.

Na angalia nyuma kama kuna hayo maandishi niliyosema kwa mwenzako wa Mwanza. Feki nyingi mbele zimeandikwa kwa herufi za bango, nyuma hakuna rated capacity, hakuna Wh, hakuna modeli. Mtu anayejificha hivyo mimi simpi hela yangu.

Mnaniulizaga brandi. Oraimo, Anker, Xiaomi, Baseus, zote nzuri zikiwa orijino, chukua duka linalojulikana. Lakini jina sio kinga, Juni 2025 Anker wenyewe waliita zirudishwe PowerCore 10000 zao modeli A1263, zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani, sababu ya hatari ya kuwaka moto. Unaona kwa nini namba ya modeli ina maana? Anayenunua mtumba kutoka kwa ndugu wa majuu asome hiyo kwanza.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara, naenda Guangzhou kuchukua mzigo, napita Dubai kwa Emirates halafu nikifika China napanda ndege ya ndani kwenda Yiwu. Nina pawabenki kubwa imeandikwa 50,000mAh, nimeambiwa wataninyang'anya, wengine wanasema niiweke kwenye begi kubwa hawaoni. Kweli ipi? (Mama Biashara, Dar)

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu. Aliyekwambia begi kubwa asikutume tena popote. Pawabenki haipandi kwenye begi la kwenda chini ya ndege, ya ukubwa wowote, ndege yoyote ya abiria. Sababu ni kwamba betri ya lithiamu ikianza kuwaka juu kwenye viti wahudumu wanaiona na kuidhibiti, chini kule hakuna mtu. Na wanaiona kwenye mashine usiwe na wasiwasi, watakuita jina kwenye spika urudi ufungue begi mbele za watu.

Sasa ukubwa. Ndege hawahesabu mAh, wanahesabu Wh. Mpaka 100Wh unabeba mkononi, kati ya 100 na 160 mpaka shirika likuruhusu, juu ya 160 haipandi kabisa. Yako 50,000 mara 3.7 ni 185Wh, kwa hiyo kama ni ya kweli haipiti, na kama ni feki bado haipiti kwa sababu wao wanasoma kilichoandikwa. Umeona ajabu hiyo? Uongo wa muuzaji unakugharimu mara mbili. Pacha wake ya 30,000 nayo ni 111Wh, imeshavuka mstari. Inayokaa salama ni 20,000 kwa 74Wh, na wanaotaka ya mwisho kabisa watafute 27,000 hivi ambayo inagusa 100 bila kuivuka.

Emirates wao wameongeza yao tangu tarehe 1 Oktoba 2025: abiria mmoja pawabenki moja, chini ya 100Wh, maandishi ya uwezo wake yaonekane, usiitumie kuchaji kitu humo ndani na wala usiichaji kwenye umeme wa ndege, na usiiweke kule juu kwenye mabegi, iwe mfuko wa kiti kilicho mbele yako au begi la chini ya hicho kiti. Sio roho mbaya. Januari 28, 2025 ndege ya Air Busan iliungua kule Busan Korea Kusini ikiwa bado chini haijaruka, abiria na wahudumu wote wakatoka wakiwa hai, na wachunguzi wakaitupia macho pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Baada ya hapo nchi nyingi za Asia zikaanza kubana.

Halafu China ndo utege sikio, manake hii wengi hawaijui. Tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, ni kiduara chenye herufi CCC kimechapwa kwenye mwili wa pawabenki yenyewe. Huku kwetu nyingi hazina, hata zilizotengenezwa huko huko China, sababu zimetengenezwa za kuuza nje. Kwa hiyo utaingia Guangzhou nayo vizuri tu halafu uikute imeishia ukaguzi siku ya kwenda Yiwu. Ningekuwa wewe ningebeba ndogo ya 10,000 isiyoniuma kuiacha, nikifika nanunua yenye 3C dukani sio barabarani, na narudi nayo. Maandishi ya nyuma kama yameanza kufutika usisafiri nayo, afisa asiyeona namba hana cha kujadili na wewe.

SWALI: Mzee habari, mimi dereva wa lori, foleni ya Tunduma unaweza lala siku mbili tatu. Nimeona pawabenki za sola, inafaa? (Dereva, Tunduma)

JIBU: Kaka achana nayo. Kile kikioo cha sola mgongoni ni wati moja au moja na nusu jua likiwa kali, kujaza 20,000 unataka masaa zaidi ya 50 ya jua la kweli, yani wiki nzima na zaidi, na muda wote huo unaianika betri kwenye joto ambalo ndo adui yake. Ni pambo. Wewe umekaa juu ya betri kubwa ya gari, nunua chaja nzuri ya gari ila hakikisha imeandikwa 12–24V, lori lako ni volti 24 na zile za gari ndogo za 12 peke yake zinaungua siku ya kwanza. Unachaji pawabenki ukiwa unaendesha, ukiingia foleni unazima injini unatumia pawabenki.

SWALI: Fundi mambo, mimi guide mlima Kilimanjaro. Wageni wanakuja na pawabenki mpya kabisa, tukifika kambi ya Barafu inasoma asilimia kidogo au inazima, wakishuka Moshi inasoma tena vizuri. Ni uchawi gani? (Guide, Moshi)

JIBU: Poa. Ni baridi tu. Seli za lithiamu zikipoa sana kemia ya ndani inakuwa nzito, umeme upo ila hautoki, zikipata joto unarudi. Usiku waiweke ndani kabisa ya begi la kulalia karibu na mwili, na usiku wa kwenda kileleni ikae mfuko wa ndani wa jaketi pamoja na simu, sio mfuko wa nje wa begi. Ila waambie wasiijaze chaji ikiwa imeganda, chini ya nyuzi sifuri kuichaji ndo kuiua kweli, hapo hairudi tena. Kwa Machame ya siku sita saba, simu ikiwa flight mode, 20,000 moja inamtosha mtu na kamera yake.

SWALI: Niaje fundi. Mimi ni mwanahabari, kazi hunipeleka Turkana na stima huko ni bahati. Nataka ya kuchaji laptopu. Nilichukua moja ya 20,000 laptopu ikakataa kabisa. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Poa sana. Ukubwa haukuwa shida, shida ni nguvu ya kutoa. Laptopu inataka USB-C yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kutoa umeme mkubwa) na volti 20, kwa hiyo tafuta nyuma paandikwe 20V na wati 45 au 65, yako bila shaka inaishia 18 au 22.5. Angalia pia chaja ya laptopu yako imeandikwa wati ngapi. Na waya usiuchukulie poa, USB-C ya kawaida inabeba ampea 3 tu, kwa volti 20 hiyo ni wati 60. Ukipata ya karibu 100Wh yenye PD utajaza laptopu mara moja na zaidi kidogo, usitarajie mbili.

SWALI: Eabadi zangu zikichajiwa na pawabenki baada ya dakika chache inazima yenyewe. Mbovu? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana. Zinavuta umeme kidogo sana pawabenki inadhani hakuna kitu. Nyingi ukibonyeza kitufe mara mbili inaingia hali ya umeme mdogo.

SWALI: Fundi, pawabenki yangu niliiacha kwenye gari Juni hii, joto la huku unalijua, sasa imevimba katikati ila bado inachaji. Naweza kuitumia mpaka iishe? (Mdau, Muscat)

JIBU: Usiitumie hata leo ndugu. Kuvimba ni gesi iliyotoka kwenye seli zilizoharibika, na kuchaji kwake sio uzima. Usiitoboe kutoa hewa kama nilivyowahi kuona watu wanashauriana, usiibinye irudi, usiichaji, na ndege usiiguse nayo kabisa. Itoe ndani ya nyumba, iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mahali pasipo na kitu cha kuwaka, halafu ulizia wanapopokea taka za elektroniki au duka kubwa la simu. Pipa la kawaida hapana, na huku nyumbani tunakochoma taka nyuma ya ua ndo kabisa, betri hiyo ikikutana na moto inalipuka. Ukinunua nyingine ikae kwenye begi unalotembea nalo, sio dashibodi.