Kitabu cha mapishi cha kuchangia wodi: anzieni jikoni

Tulikuwa wanawake tisa wa Ngamiani, Tanga, sote wa kujitolea, na tulitaka magodoro mapya kwa ajili ya wodi ya watoto. Bahasha za mchango zilikuwa zimewachosha watu, maana huwaendea walewale kila mara. Tukaamua kukusanya mapishi ya mtaani kwetu, tuyachape kitabu na kukiuza. Nanyi mnaweza. Ila nguvu zenu nyingi zipelekeni mahali ambapo sisi tulichelewa kuzipeleka.

Mwanzoni tuliomba mapishi kwa ujumbe wa simu. Yalikuja tele, na karibu kila moja lilisema "tui kiasi", "chumvi kiasi". Mwingine aliandika hamira kijiko 1, asiseme cha chai au cha chakula. Kijiko cha chakula ni vijiko vitatu vya chai! Tulijaribu vitumbua vyake kwa kijiko kikubwa, rojo ikachacha, tukaimwaga yote.

Ndipo tukaanza kuwafuata wapishi majumbani. Nilikwenda kwa bibi mmoja anayesifika kwa mkate wa kumimina, na mzani mdogo kwenye kikapu. Nikamwamkia, akaitika, akautazama ule mzani. "Mjukuu wangu, mimi napima kwa mkono." Nikamwambia apike kama siku zote, asinijali. Siri yenyewe ni hii: msimsimamishe mpishi. Nilipima bakuli la sukari kabla hajachota, nikalipima tena baada ya kuchota, nikatoa. Mchele aliouroweka usiku kucha ulikuwa nusu kilo, sukari gramu 200. Tui zito nililipima kwa kikombe alipokwisha kulikamua kwenye kifumbu. Akausaga mchele kwa tui, akatia hamira na iliki, akainua upawa juu ili nione rojo inavyoteremka, nzito lakini haikatiki. Hilo mzani hauwezi kulisema, kwa hiyo andikeni na macho yanachokiona: mapovu juu ya rojo, rangi ya ukingo wa mkate, harufu. Andikeni pia moto, kwamba mkaa unakaa chini na juu ya mfuniko.

Kila pishi tulilopima tulimpa mtu ambaye hajawahi kulipika. Akikwama mahali, maandishi ndiyo yenye kasoro.

Upande wa fedha, ulizieni bei ya kuchapa kabla ya kupanga bei ya kuuza. Kwetu sisi, wenye maduka wa mtaani walilipia kurasa za salamu, na hizo zikalipa uchapaji, hivyo kila nakala iliyouzwa ikaenda wodini. Kitabu cha kubana kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Zetu zilikuwa 50, tukaongeza 2 za mistari mitupu ili mnunuzi aandike pishi la kwao, na watu walizipenda kuliko nilivyotarajia. Anayetunza vitabu asiwe ndiye anayetunza fedha, na stakabadhi iandikwe hata kwa dada yako wa tumbo moja.

Jambo moja tulilisahau, nanyi msilisahau. Vitabu vilipotoka nilimpelekea yule bibi nakala yake. Hasomi, basi mjukuu wake akamsomea pishi lenye jina lake, taratibu, naye akifuatisha kwa kutikisa kichwa. Walipofika kwenye sukari akamzuia. Tuliandika itiwe pamoja na hamira, kumbe yeye huitia rojo ikiwa imekwisha kuumuka, maana sukari huilegeza. Nilikuwepo jikoni, nikapima sukari, saa ya kuitia sikuiandika. Mnapomaliza kuandika, rudini mkamsomee mwenye pishi kabla ya kwenda kwa mchapaji. Sisi tulikaa jioni mbili, tisa sote, tukisahihisha ukurasa ule kwa kalamu katika kila nakala iliyobaki.