Ziwa Lilipofungwa Ndipo Nilipolala

Kwa miaka 6 nimekuwa nikinunua dagaa wabichi katika mwalo wa Katonga hapa Kigoma, na aliyewahi kufanya biashara hii anajua kwamba atakayechelewa kufika saa 10 alfajiri atagombea waliobaki. Mchana ni kuanika, kugeuza na kuchungulia mawingu. Jioni nilikaa katika genge langu la Mwanga hadi saa 5 usiku, kisha saa 9 niko macho tena. Usingizi wangu haukufika hata saa 4.

Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, kipato kilishuka na wasiwasi ukapanda, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nililala mpaka adhana ya alfajiri ikaniamsha. Haukupita mwezi kabla sijaona kwamba mambo mengi niliyokuwa nikiyaita maradhi, au makosa ya watu wa nyumbani kwangu, yalikuwa yameondoka yenyewe.

Kwanza ni njaa. Zamani nilikunywa chai na chapati, na kabla ya saa 5 asubuhi nilikuwa nikitafuta maandazi na soda, nikidhani ni kazi nzito. Kumbe mtu asiyelala vya kutosha hupungukiwa na homoni inayomwambia kwamba ameshiba, huku ile inayoamsha njaa ikiongezeka, na hamu yake huelekea hasa kwenye sukari na mafuta. Mafua nayo yalikuwa hayaniishi. Shinikizo la damu, ambalo kwa kawaida hushuka mtu anapolala, kwangu lilikuwa juu kila nilipopimwa. Sidai kwamba usingizi ndio sababu pekee, lakini mishipa isiyopewa mapumziko hayo usiku baada ya usiku hulipa gharama yake.

Lililoniumiza zaidi ni hasira. Siku moja binti yangu, akiwa na miaka 9, alijikwaa akamwaga nusu sado ya dagaa wakavu mchangani. Nilimfokea mpaka jirani akatoka nje, na mtoto alibaki amechuchumaa, akiokota dagaa mmoja mmoja na kuupuliza mchanga, bila kulia. Nusu sado! Ubongo usiopumzika una sehemu inayopokea hofu na hasira ambayo hulipuka upesi, huku sehemu ya mbele, ambayo kazi yake ni kuituliza, ikiwa imelegea. Tena usingizi wa ndoto, ambao huaminika kutusaidia kuzituliza hisia za siku iliyopita, huja zaidi katika saa za mwisho za usiku, na ndizo nilizokuwa nikizikata kila siku. Wakati huo sikuwahi kusema, "Nina usingizi." Nilisema watoto hawasikii, mume wangu hanijali, wateja wana dharau.

Uvuvi uliporejea sikuiacha biashara, kwa sababu ndiyo inayolipa ada. Nilikubaliana na wifi yangu tupokezane kwenda mwaloni, na genge sasa nalifunga saa 3. Wavuvi wenyewe hupumzika wakati wa mbalamwezi, maana taa zao za kuvutia dagaa haziwezi kushindana na mwezi. Nami siku hizo siujazi usiku kwa shughuli nyingine. Kahawa siinywi baada ya adhuhuri, kwa kuwa takribani nusu ya nguvu yake hubaki mwilini hata saa 5 baada ya kuinywa. Mchana nikielemewa, hulala dakika 20 kivulini, kwa maana nikizidisha sana, usingizi wa usiku huwa mgumu.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na mtoto wa shule ya msingi saa 9 hadi 12, kwa hiyo tusiwaamshe usiku waje kutusaidia kuanika. Usipande bodaboda ya kijana aliyekesha, kwa sababu mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliyekunywa pombe. Na anayepata muda wa kulala lakini usingizi haumjii kwa wiki kadhaa, au anayekoroma huku pumzi ikikatika, aende hospitali.

Binti yangu alikuwa na mazoea ambayo sikuyaelewa: kabla ya kuniomba chochote aliuliza kwanza, "Mama, leo umelala?" Wiki iliyopita alikuja moja kwa moja akaomba hela ya daftari.