Waeleze BIM kwa kuanzia na bomba

Mdogo wangu, nimekuelewa: kamati ya ujenzi wa zahanati inauliza kwa nini ilipie BIM (Building Information Modelling, yaani modeli ya jengo ya kompyuta yenye taarifa zake) wakati ramani za karatasi zipo, na kila ukieleza wanaona unawauzia picha.

Mimi huanza na bomba, si kompyuta. Waulize: fundi bomba akikuta boriti ya zege imekaa njiani, nani analipa? Kila mmoja wao ameshaona ukuta mpya ukitinduliwa. Kisha waambie BIM ni kulijenga jengo zima kwanza ndani ya kompyuta, nguzo, nyaya na mabomba pamoja, ili mgongano huo uonekane kabla zege halijamwagwa. Tena kila kitu humo hubeba taarifa zake: mlango una upana, aina ya mbao, hata bei. Ukihamisha dirisha, ramani zinazotokana na modeli hiyo na idadi ya vifaa hufuata. Picha tupu haifanyi hivyo.

Usiwaahidi kwamba gharama lazima zishuke. Kwenye mradi wangu wa kwanza nyaya zilihamishwa saiti, modeli haikurekebishwa, tukatoboa pasipofaa. Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba nani anaisahihisha na nani anaimiliki, na mwanasheria aupitie. Uimara wa jengo bado ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa.

Zahanati ikiwa ya vyumba vinne tu, waambie wazi: ramani nzuri zinatosha.