Kusini kwa Basi, kwa Ndege au kwa Gari Lako?

SWALI: Ndugu mwandishi, sisi ni familia ya watu watano tunaoishi Dodoma: mimi, mume wangu, watoto wawili wanaosoma shule ya msingi, na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Mwezi wa saba tunataka kuja kusini kwa siku kumi, tuone Kilwa, Lindi, Mtwara na Mikindani, tuwaone wanyama wa porini, na tufike ufukwe wa Msimbati. Tuna gari dogo la chini. Wapo wanaotushauri tupande ndege hadi Mtwara na kukodi gari huko, na wapo wanaosema mabasi yanatosha. Mwanangu mkubwa, aliyependa sana treni ya SGR, yeye anauliza kwa nini tusije kwa treni. Tufanyeje? – Mama wa watoto wawili, Dodoma.

JIBU: Dada yetu, tuanze na mtoto, kwa sababu jibu lake ni fupi. SGR itawafikisha Dar es Salaam na kuwaacha hapo. Kusini kuliwahi kuwa na reli, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa serikali ya Waingereza. Ilianza kazi mwaka 1949 kati ya ghuba ya Lindi na Nachingwea, ikafikishwa baadaye hadi Mtwara, lakini karanga zilishindikana, na mwaka 1962 reli ikafungwa.

Kuhusu ninyi wakubwa, naona washauri wenu wote wanabishania kipande cha safari ambacho hakina tatizo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilometa 560 za lami, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, hakuna tena kulala kando ya mto mkisubiri kivuko. Basi, ndege na hata gari lenu la chini vyote vitawafikisha. Kinachotakiwa kuamua usafiri wenu ni vile vipande vifupi vinavyoacha lami na kuingia porini, mchangani au baharini, kwa maana huko ndiko gari la chini hukwama, huko ndiko bajaji hugeuzia, na huko ndiko mama mkwe atakakoumia iwapo hamkupanga mapema. Kwa hiyo bajeti yenu ibaneni kwenye safari ndefu, na muiachie nafasi kwenye vipande hivyo.

Chukueni wanyama kwanza. Wasafiri wengi hufika Mtwara ndipo waanze kuulizia njia ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wakati wameshaipita. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2019 kutoka sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous, ina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 30,000, na ni kweli kwamba sehemu yake imo upande wa Liwale, mkoani Lindi. Lakini kwa familia yenye watoto na mzee, lango linalofaa ni la Mtemere, ambalo njia yake huchepuka Kibiti, kabla hata hamjavuka Rufiji, na kupitia Mkongo na Mloka. Kutoka Kibiti hadi Mloka barabara ni ya udongo, yenye mashimo, na gari lenu halifai kabisa. Liacheni Dodoma, njooni kwa treni hadi Dar es Salaam, kisha kodini gari la juu lenye dereva kwa ajili ya hifadhi peke yake. Ndani ya hifadhi ombeni pia safari ya boti katika Mto Rufiji: viboko na mamba huonekana kwa karibu, na mama mkwe atakuwa amekaa mahali pamoja badala ya kurushwarushwa ndani ya gari siku nzima.

Mkirudi Kibiti, agana na gari hilo la gharama na mpande basi la kwenda kusini. Kateni tiketi mapema, tena ya kielektroniki, na nauli mliyotajiwa ilinganisheni na ukomo uliotangazwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, lakini kwenu ninyi naona la mchana ni bora, kwa sababu watoto wataona njia, na kwa sababu kushuka Nangurukuru usiku wa manane na mizigo, watoto na mzee ni adha isiyo na ulazima. Nangurukuru ndipo njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu, na kama basi lenu haliingii Masoko, mtapata magari madogo na bajaji za kuwamalizia safari.

Kilwa inahitaji subira. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara, yaliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yako visiwani, na kabla ya kupanda chombo lazima mpate kibali hapo Masoko. Kisiwani ni karibu, ng'ambo ya mlango wa bahari tu, na hata jahazi linatosha. Songo Mnara ni mbali zaidi, na pwani yake ina mikoko na maji mafupi, kiasi kwamba maji yakipwa hulazimika kushuka na kutembea ndani ya tope. Kwa magoti ya mama huo ni mtihani. Ongeeni na nahodha siku moja kabla, mumwulize saa ya maji kujaa, muombe boti ya injini, na mhakikishe majaketi ya kujiokolea yapo yanayowatosha watoto, si ya watu wazima tu. Mwezi wa saba ni wa kusi, na upepo huo huzidi kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo ondokeni asubuhi na mapema. Mkilazimika kuchagua kisiwa kimoja, mimi ningechagua Kisiwani bila kusita.

Lindi na Mtwara mjini hazitawasumbua: bajaji ziko kila kona, na Mikindani, uliko mji mkongwe ambako Livingstone aliondokea mwaka 1866 kwenda safari yake ya mwisho ya bara, iko kilometa chache tu kutoka Mtwara na hufikika kwa daladala. Msimbati ndiyo inayotaka gari la kukodi kwa mara ya pili. Ufukwe huo umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo kuna kiingilio. Na mchanga huongezeka kadiri mnavyokaribia bahari. Chukueni gari la siku moja kutoka Mtwara, na kabla hamjaondoka mkubaliane waziwazi nani analipia mafuta, dereva anakula wapi, na saa ngapi mnarudi, kwa sababu ugomvi mwingi ninaousikia kwa wageni hauhusu bei bali mambo hayo matatu.

Ndege itumieni kurudi. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja hivi angani, na mama atakuwa amechoka.

Mwezi mliouchagua ni mzuri. Mvua zetu hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na mwaka 2024 tuliona jinsi mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilivyoikata barabara kuu eneo la Somanga na kuwakwamisha abiria pande zote mbili.

SWALI: Nipo Songea na nina pikipiki yangu. Natamani kufika Tendaguru walikochimbuliwa dinosaria, na nikirudi nipite Newala. Inawezekana? – Kijana wa Songea.

JIBU: Inawezekana, kiangazi. Songea hadi Masasi kupitia Tunduru ni lami, na kutoka Masasi utateremka hadi Lindi kwa lami vilevile. Tendaguru yenyewe iko ndani, kaskazini-magharibi ya Lindi, na njia za kule ni za vijijini: jaza mafuta Lindi mjini, beba maji, na usiingie bila mwenyeji, ambaye utampata kwa kupitia ofisi ya serikali ya kijiji. Ujue pia unachokwenda kukiona, maana mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 iko Berlin, na kilichobaki ni kilima, vichaka na masimulizi ya wazee. Ukikuta kisukuku chochote, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kiache hapo hapo. Kukichukua ni kosa kisheria.

Kwa Newala, pita Mtwara na Tandahimba. Lami ya kilometa 50 hadi Mnivata imekamilika, na mbele ya hapo tarajia michepuko ya ujenzi na vumbi jingi. Fika kabla ya jioni ili uwahi Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, wakati bonde la Ruvuma bado linaonekana hadi upande wa Msumbiji.